Mwenye Gunia Moja Mbele ya Mnada wa Kompyuta

Kwa mkazi wa mjini neno mnada huleta picha ya furaha. Likitajwa tu, mtu hukumbuka ng'ombe na mbuzi, nguo za mitumba zilizomwagwa juu ya turubai, moshi wa nyama choma, na dalali ambaye sauti imemkauka kwa kupandisha bei. Ni mahali pa kwenda pamoja na watoto siku ya mapumziko. Lakini kwa mkulima mdogo wa Nyanda za Juu Kusini mnada siku hizi ni jambo zito. Ndiko bei ya jasho lake inakokatwa, na aghalabu hukatwa na watu asiowaona kwa macho, walioketi mbele ya kompyuta katika miji ya mbali, ambao hawajapata hata siku moja kukanyaga tope la Kyela.

Nimeona yafaa leo tuuzungumzie mnada huo katika kurasa hizi za nyumbani, kwa sababu hauwahusu wakulima peke yao. Wengi wetu tunaofanya kazi viwandani, maofisini na masokoni katika miji ya Mbeya na Iringa tu watoto wa wakulima. Simu inayolia usiku kutoka kijijini mara nyingi chanzo chake ni zao lililo ghalani na fedha ambazo bado hazijafika. Kwa hiyo jambo linalomsibu muuzaji mdogo shambani humfikia mfanyakazi wa mjini mezani pake kabla mwezi haujaisha.

Bei ya redio na bei ya mlangoni

Wazee wetu waliijua bei kwa redio. Katika miaka ya 1970 na 1980 bei za mazao makubwa zilipangwa na Serikali na kutangazwa kwa taifa zima. Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, mamlaka za mazao zilishika kazi ya ununuzi, hata ushirika uliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Utaratibu ule ulikuwa na uzuri wake: mkulima aliyekaa mwisho wa barabara hakuachwa apatane peke yake na mlanguzi mwenye lori. Ulikuwa na ubaya wake pia: fedha zilichelewa, na gharama za kuendesha vyombo vile zilikula sehemu kubwa ya bei kabla haijamfikia mwenye shamba.

Katika miaka ya 1990 biashara ya mazao ilifunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuja na fedha mkononi, na wengi wao walikuja pia na mizani yao wenyewe. Kila mahali pakazaliwa jina la ununuzi wa kumvizia mkulima wakati wa shida. Kagera wana butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini; Mbinga wana magoma; kusini kwenye korosho wana kangomba. Sisi wa Iringa, Njombe na Mbeya tuna lumbesa, lile gunia la viazi au vitunguu lililoongezwa kichwa juu ya kichwa, kisha likanunuliwa kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza gunia kupita kilo 100, lakini mwenye viazi vinavyoanza kuoza hana muda wa kumsomea mnunuzi sheria.

Kwa ajili ya kumwondoa mkulima katika mtego huo ndipo ilipotungwa Sheria ya Stakabadhi za Ghala, Namba 10 ya mwaka 2005. Shabaha yake ilikuwa hii: mkulima apeleke mazao ghalani kupitia chama chake cha msingi, apimiwe, apewe stakabadhi inayoonyesha uzito na daraja, kisha mazao ya wengi yauzwe kwa pamoja mbele ya wanunuzi wengi. Korosho za Mtwara zilitangulia katika msimu wa 2007/2008. Mazao mengine yalifuata, na kakao ya Kyela na Rungwe nayo ikaingia katika utaratibu huo. Mwaka 2014 liliundwa Soko la Bidhaa Tanzania, ambalo wengi hulijua kwa herufi TMX, na mwaka 2015 ikatungwa sheria ya masoko ya aina hiyo. Tangu hapo mnada wa makaratasi umekuwa ukiuachia nafasi mnada wa kompyuta.

Uzuri wa mnada wa kompyuta

Sipendi niwe miongoni mwa wale wanaolaumu kila kipya. Mnada wa kompyuta una manufaa ambayo mtu wa haki hapana budi ayakiri. Zamani wanunuzi waliandika bei kwenye karatasi, wakazitia katika bahasha, bahasha zikatumbukizwa sandukuni. Mambo yakawa mema pale wanunuzi walipokuwa wengi na kila mmoja akamwogopa mwenzake. Lakini wanunuzi wanne wakilala katika nyumba moja ya wageni usiku wa kuamkia mnada, nani atawazuia kupatana wakiwa mezani, huyu achukue ghala hili na yule achukue lile? Asubuhi bahasha zinafunguliwa mbele ya wakulima kwa heshima zote, ilhali bei ilikwisha kukatwa usiku.

Katika mnada wa kompyuta mnunuzi aliyeandikishwa aweza kutaja bei akiwa mahali popote. Hajui nani mwingine anashindana naye, wala hana haja ya kulala Kyela. Orodha huonyesha ghala, uzito na daraja la mzigo. Muda ukiisha bei za juu hujulikana, na wakulima waliokusanyika husomewa matokeo, waamue kuyakubali au kuyakataa. Neno hilo la mwisho, kukataa, ndilo kiini cha mazungumzo yetu ya leo.

Kwa maana haki ya kukataa imo katika utaratibu, na imewahi kutumika. Oktoba 2018 wakulima wa korosho wa mikoa ya kusini walizikataa bei za mnada, ambazo hazikufika shilingi 3,000 kwa kilo. Mwezi uliofuata Rais John Magufuli aliamuru Serikali izinunue korosho hizo kwa shilingi 3,300. Wengi wanalikumbuka tukio hilo kama ushindi wa mkulima. Lakini wanaokumbuka vizuri zaidi watakumbuka pia jinsi wengine walivyongoja malipo kwa miezi. Aliyekuwa na akiba aliweza kungoja. Asiyekuwa nayo aliishi kwa mikopo ya dukani, na mkopo wa dukani una riba yake hata kama haikuandikwa.

Swali la mama mdogo

Nitaeleza lililotokea katika ukoo wetu, si kwa kuwa sisi ni wa pekee, bali kwa kuwa najua liko katika koo nyingi.

Mama yangu mdogo anaishi karibu na Ipinda, wilayani Kyela. Ana shamba la kakao lisilofika eka moja, alilorithi na kuliongeza kwa mikono yake. Kakao huzaa karibu mwaka mzima, ingawa iko miezi inayozaa zaidi, na kazi yake si ndogo. Tunda likishakatwa na kupasuliwa, mbegu zake huvundikwa kwa siku tano au sita, zikigeuzwa ili zipate joto sawasawa. Kisha huanikwa juani kwa siku nyingi, na mvua ya Kyela haina taarifa. Mama mdogo huamka usiku akisikia ngurumo, akakusanya kakao yake kama mtu anayeokoa nguo za mtoto mchanga.

Katikati ya mwaka 2024 mjukuu wake alichaguliwa kuingia kidato cha tano katika shule ya bweni mkoani Iringa. Tulifurahi sote. Lakini fomu ya maelekezo ilikuwa na orodha ndefu: godoro, shuka, sare, viatu, ndoo, madaftari, na nauli juu yake. Siku ya kuripoti ilikuwa haina mjadala. Wakati ule kakao ilikuwa na bei ambayo wazee hawakuwahi kuisikia. Mavuno ya Ivory Coast na Ghana, zinakotoka kakao nyingi za dunia, yalikuwa yameharibiwa na hali ya hewa na magonjwa ya miti, na Machi 2024 tani moja ilipita dola 10,000 katika masoko ya dunia. Mama mdogo alikuwa na kakao kavu ndani, gunia moja na kitu. Kwa hesabu ya kawaida hakuwa mtu wa kuhangaika.

Jioni moja akaja mtu na pikipiki na mizani ya kuning'iniza, akataja bei ambayo haikufika nusu ya ile ya mnada uliotangulia. Ununuzi wa namna ile umekatazwa, ndiyo maana alikuja jioni. Lakini alikuwa na fedha taslimu mfukoni. Mama mdogo akanipigia simu nikiwa natoka kazini Iyunga.

Nilimwamkia, akaitikia, akaeleza habari yote. Nikamwambia kwamba mnada ungempatia mara mbili ya fedha zile. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo nalijua, baba. Sikukuuliza bei. Nakuuliza, huo mnada una siku ngapi?"

Hakuna swali nililowahi kusikia juu ya masoko lililo na akili kuliko hilo. Sisi tuliokaa mjini huutazama mnada kwa bei. Yeye aliutazama kwa siku: siku ya kupeleka gunia ghalani, siku za kungoja mzigo utimie, siku ya mnada wenyewe, siku za kungoja mnunuzi alipe, siku za fedha kushuka kutoka chama kikuu hadi chama cha msingi, na kutoka hapo hadi kwenye akaunti yake. Mtu wa pikipiki alikuwa anauza kitu kimoja tu, nacho ni siku hizo. Alikuwa anazinunua kwa nusu ya gunia.

Tulichanga. Mimi nilitoa nilichokuwa nacho, na dada yangu aliyeolewa Mufindi akatoa chake, ingawa naye wakati huo alikuwa anadai fedha za majani ya chai. Mtoto akaenda shule na godoro lake. Gunia likaenda ghalani. Mnada wa kwanza wakulima walikataa bei, na mama mdogo alinyosha mkono pamoja na wenzake. Mnada uliofuata bei ilipanda kwa shilingi mia kadhaa kwa kilo, wakakubali. Fedha zilifika siku ya kumi na tisa baada ya mnada, ilhali tangazo la chama lilisema wiki moja. Chama chenyewe sitakitaja. Viko vingi vya namna hiyo.

Aliponirudishia mchango wangu nilimwuliza alijisikiaje siku ile aliponyosha mkono kukataa. Akacheka. "Mwanangu, nilikuwa nakataa kwa mkono wenu. Yule mwenzangu aliyekaa pembeni yangu hakunyosha. Ana kakao nzuri kuliko yangu, lakini hana mtu mjini."

Haki ya kukataa imeandikwa kwa ajili ya wote, lakini anayeweza kuitumia ni yule tu aliye na kitu cha kula wakati anapokataa. Mnada unaweza kuwa na kompyuta safi kuliko zote duniani, na bado usiwe wa haki kwa mwenye gunia moja, kama kungoja kwenyewe kunamshinda.

Zao lisilongoja

Nilipokwenda Mufindi kumtembelea dada, shemeji yangu alinipokea kwa "Kamwene" na kikombe cha chai ya shambani kwao, na mazungumzo yakarudi kwenye jambo lile lile. Alisema, "Shemeji, ninyi wa kakao mna bahati. Kakao yenu ikikauka inakaa. Jani langu likichumwa asubuhi, jioni lazima liwe kiwandani. Nikikataa bei, nalikatalia wapi?"

Maneno yake yana uzito. Mkulima mdogo wa chai hauzi mnadani. Huuza jani bichi kiwandani, na kiwanda ndicho kinachopeleka chai iliyosindikwa mnadani. Kwa miaka mingi chai yetu ilikwenda kuuzwa Mombasa, mahali ambapo mnada uliokuwa ukifanyika Nairobi ulihamishiwa mwaka 1969. Novemba 2023 tulianzisha mnada wetu wenyewe Dar es Salaam, nao ukafanywa kwa kompyuta. Ni hatua njema. Lakini mnada ukisogea karibu, hausemi kwamba faida yake itasogea hadi kwa mchumaji. Kiwanda kikichelewesha malipo, kama kile alichokuwa akikiuzia dada, mkulima anakuwa amemkopesha mwenye kiwanda bila riba, na yeye mwenyewe anakwenda kukopa dukani kwa riba.

Ukishuka kutoka Iringa mjini kuelekea Dar es Salaam, utapita Ilula, mahali palipojaa nyanya. Huko hakuna stakabadhi wala kompyuta. Kuna tenga lililojazwa likafanya kichuguu, lori linalonguruma, na dalali anayeijua bei ya Dar es Salaam kwa simu wakati mwenye nyanya anaijua kwa kukisia. Nyanya iliyoiva ina siku chache tu. Kwa hiyo tunapofurahia mnada wa kompyuta yatupasa tukumbuke kwamba kadiri zao linavyoharibika upesi ndivyo mwenye zao anavyokosa nguvu ya kukataa, na ndivyo anavyohitaji zaidi kinga ya mizani ya haki na habari za bei.

Wenzetu wa mbali

Wengine watasema kwamba hayo ni matatizo ya nchi changa. Sivyo. Marekani mwaka 1995 ilianzishwa eBay, mnada wa kompyuta ambamo hata bibi mwenye sahani kuukuu aliweza kuuza kwa dunia nzima. Wauzaji wadogo waliupenda sana. Mwaka 2008 wenye mnada walibadili viwango vya ada na kutoa kanuni mpya: mnunuzi aendelee kumpa muuzaji alama mbaya, lakini muuzaji asiweze tena kumpa mnunuzi alama mbaya. Wenye mnada walikuwa na hoja zao, kwamba wanunuzi waliogopa kulipiziwa kisasi. Wauzaji wengi walisusa kwa siku kadhaa Februari mwaka huo. Mnada haukufa, na kanuni ilibaki. Somo ni kwamba muuzaji mdogo anayetegemea mnada wa mtu mwingine, kanuni zake atazisoma zikiwa tayari zimekwisha pitishwa.

Uholanzi walishika njia nyingine. Wakulima wa mboga na maua wa nchi ile walichoka kupunjwa na wachuuzi, wakaanzisha minada yao wenyewe tangu mwishoni mwa karne ya 19. Hutumia saa ambayo mshale wake huanza kwenye bei ya juu na kushuka. Wa kwanza kuisimamisha ndiye mnunuzi. Leo mnada mkubwa wa maua wa Aalsmeer, ambako hata maua ya Kenya huuzwa, ni mali ya ushirika wa wakulima wa maua. Hapo pia wakubwa huwazidi wadogo nguvu. Hata hivyo kanuni ikibadilishwa, muuzaji ana mkutano wa kuingia na kura ya kupiga.

Sisi tuna kitu ambacho wale wa Marekani hawakuwa nacho, na ambacho Waholanzi walianza nacho. Tuna vyama vya msingi. Tatizo ni kwamba wanachama wengi hukiona chama kama mahali pa kupeleka gunia, hawakioni kama mali yao.

Mambo ya kurekebishwa

Basi mnada wa kompyuta ufanywe vipi ili uwe wa haki kwa mwenye gunia moja? Kwa maoni yangu kazi kubwa haiko ndani ya kompyuta. Iko kabla yake na baada yake.

Kwanza ni mizani. Kilo inayopotea kwenye mizani ya kijijini haiwezi kurudishwa na mnada wowote. Uzito usomwe kwa sauti mbele ya mwenye mali, uandikwe papo hapo kwenye stakabadhi, na ujumbe wenye uzito huo utumwe kwenye simu yake kabla hajaondoka. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la leo ni simu iliyo mkononi mwa mkulima mwenyewe.

Pili ni daraja. Mama mdogo huvundika kakao yake siku zote zinazotakiwa. Yuko jirani anayeianika siku ya pili kwa haraka. Magunia yao yakiingizwa katika fungu moja, huuzwa kwa bei moja, na mnunuzi aliye mbali hukata bei kwa kuogopa ile mbaya. Hivyo mwenye bidii humlipia mzembe. Mazao yapimwe ubora mlangoni mwa ghala na yauzwe kwa mafungu yanayolingana, ili jina la mkulima hodari lisipotee pindi gunia linapopita kizingiti.

Tatu ni makato. Katika kila kilo hukatwa ushuru wa halmashauri, fedha za chama cha msingi na chama kikuu, ghala, usafirishaji na magunia. Ushuru wa mazao ya biashara ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3, lakini wakulima wengi hawajui hilo, kwa sababu hupewa jumla tu. Kila mkulima apewe karatasi inayoonyesha makato kwa kilo, kwa Kiswahili rahisi, na isomwe kwenye mkutano kwa ajili ya wasiojua kusoma.

Nne ni habari. Watu hawawezi kuamua kukubali au kukataa bei wasipojua mahali pengine inauzwaje. Kabla ya kura, wakulima wasomewe bei ya minada miwili iliyopita na bei ya masoko ya dunia. Na mtandao ukikatika katikati ya mnada, jambo ambalo huku kwetu si geni, mnada usimame hadi wauzaji waone tena kinachoendelea.

Tano, na kubwa kuliko zote, ni siku. Mnunuzi aliyeshinda alipe katika muda uliowekwa, na akichelewa, fidia ya kuchelewa iende kwa mkulima. Tena sheria ya mwaka 2005 ilikusudia stakabadhi iweze kuwekwa dhamana ya mkopo. Mwenye tani mia hilo analiweza. Benki humkaribisha kwa kiti. Mwenye gunia moja hufika dirishani akaambiwa kiasi chake ni kidogo. Hapa vyama vya akiba na mikopo vingefanya kazi kubwa: mkulima akabidhi stakabadhi leo, apewe kesho sehemu ya thamani yake, na deni likatwe mnada ukilipa. Fedha hizo kidogo ndizo zingemfukuza mtu wa pikipiki kijijini, kuliko askari na vizuizi vya barabarani.

Sehemu yetu sisi wa mjini

Mpaka mambo hayo yatimie, benki ya mwenye gunia moja ni jamaa zake walioko mjini. Si jambo la kuona haya, lakini lafaa lifanywe kwa mpango. Katika ukoo wetu tumekubaliana kuweka kiasi kidogo kila mwezi, kwa jina la mfuko wa kungojea. Si sadaka. Anayechukua hurudisha kakao au chai ikilipwa, na dada ndiye mweka hazina kwa kuwa ni mkali wa daftari. Mwenye mshahara mdogo aweza kushiriki, maana kinachotakiwa ni fedha ya wiki tatu, si ya mwaka. Mama mdogo aliomba mwenzake yule wa mkutanoni naye aingizwe, ingawa si wa ukoo wetu. Tulibishana kidogo, kisha tukamwingiza.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba kungoja daima ni faida. Desemba 2024 kakao ilipita dola 12,000 kwa tani, na kabla mwaka 2025 haujaisha ilikuwa imeporomoka kufikia kama nusu ya kilele hicho. Mwanzoni mwa mwaka huo 2025 tulikuwa tayari kuchanga tena, mama mdogo akakataa. "Redio inasema inashuka. Safari hii nauza mnada wa kwanza." Akanyosha mkono kukubali, akapata bei ambayo baadaye wengi waliitamani. Mwaka mmoja alikataa, mwaka mwingine alikubali, na mara zote mbili uamuzi ulikuwa wake, haukuwa wa njaa wala wa fomu ya shule.

Hicho ndicho kipimo ambacho ningependa tukitumie tunapoambiwa kwamba mnada fulani sasa ni wa kisasa. Tusiulize tu wanunuzi wangapi wameandikishwa, wala bei ya juu imekuwa shilingi ngapi. Tuulize kama yule mwenye gunia moja, aliyeketi nyuma kabisa ya mkutano, aliweza kusema "hapana" siku ile, akarudi kwake, na watoto wake wakala usiku. Jibu likiwa ndiyo, mnada huo ni wa haki. Likiwa siyo, bado tuna kazi, na sehemu ya kazi hiyo ni yetu sisi tunaopokea mshahara mwisho wa mwezi.